Barua ya Wazi kwa Wizara ya Nishati ya Marekani

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Nishati,
Washington, D.C.

YAH: HERUFI ZA UKUTANI NA JOTO LINALOLIPIWA MARA TATU

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kama adabu inavyomtaka mtu aliyekuja kulalamika, mwandishi wa barua hii anatanguliza pongezi. Wizara imefanya kazi kubwa. Tangu Januari 1, 2023, pampu ya joto ya kawaida ya nyumbani, ile yenye sehemu moja nje na nyingine ndani, haitengenezwi kwa soko la Marekani bila kufikisha alama 14.3 za upozaji na 7.5 za upashaji joto kwenye vipimo vya Wizara. Desimali hizo zinatia moyo. Zinaonyesha serikali isiyokubali kudhulumiwa hata sehemu ya kumi. Serikali hiyohiyo ikaongeza kishawishi: kuanzia 2023 hadi mwisho wa 2025, aliyefunga pampu inayotimiza masharti aliweza kupunguziwa kodi kwa asilimia 30 ya gharama, mradi isizidi dola 2,000. Wananchi wakasikia, wakanunua, wakafungiwa.

Kisha fundi akaondoka.

Kilichobaki sebuleni ni themostati, kifaa cha ukubwa wa kiganja ambacho ndicho kinachoamua kama desimali zote zile zitatumika au zitabaki kwenye kibandiko. Mashine yenyewe ilipimwa maabara. Kifaa kinachoiamrisha kimeachiwa Mungu na fundi, na fundi akitaja bei inayotisha, kimeachiwa mwenye nyumba na bisibisi yake.

Kwa faida ya wasomaji wengine wa barua hii, maana Wizara inajua: pampu ya joto ni friji iliyopinduliwa kazi. Huchota joto kwenye hewa ya nje, hata ikiwa ya baridi, na kuliingiza ndani. Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulizalisha, uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti tatu hivi za joto siku isiyo na baridi kali. Lakini katika nyumba nyingi, hasa zile za kusini mwa nchi zinazosambaza hewa kwa mabomba, sehemu ya ndani ya mashine hiyohiyo imeficha koili za hita ya umeme, mara nyingi za kilowati 5, 10 au 15. Hizo ni akiba. Zinafaa pale baridi inapoizidi pampu nguvu, na pale mashine ya nje inapogeuza kazi kwa dakika chache ili iyeyushe barafu iliyoiganda. Uniti moja ikiingia kwenye koili, inatoka uniti moja ya joto, basi. Anayeamua nani afanye kazi leo, pampu au koili, ni yule mdogo wa ukutani.

Naye huamrisha kwa herufi. Nyuma ya kifuniko chake kuna R, inayoleta umeme wa volti 24 kutoka kwenye transfoma. C, njia ya umeme huo kurudi. Y ya kompresa. G ya feni. W au AUX ya zile koili. Na wakati mwingine E ya dharura. Nyumba za zamani mara nyingi zina kebo ya nyaya tano tu, ilhali themostati ya kisasa yenye kioo na Wi-Fi inaidai C kama haki yake ya kuzaliwa, na herufi moja zaidi inakuja hapo chini, hivyo hesabu inagoma kabla kazi haijaanza. Rangi nazo si za kuaminiwa. Nyekundu kwa R, njano kwa Y, kijani kwa G, nyeupe kwa W: hiyo ni desturi, na desturi haina polisi. Fundi wa miaka ya nyuma aliyeishiwa na waya wa rangi ya machungwa alifunga wa kahawia, akaenda zake kula. Ndiyo maana wenye busara huzima swichi kuu za mashine zote mbili, ya ndani na ya nje, hupiga picha ya nyaya zilivyokaa, kisha huenda kusoma herufi kwenye bodi ya mashine yenyewe, huko darini au stoo ilikojificha.

Halafu kuna O na B. Hapa Waheshimiwa wanaombwa wakae.

Ndani ya pampu kuna vali inayogeuza mwelekeo wa gesi ili mashine moja ipoze kiangazi na kupasha joto majira ya baridi. Watengenezaji wengi huipa vali hiyo umeme wakati wa kupoza, na herufi yao ni O. Rheem na ndugu yake Ruud huipa umeme wakati wa kupasha joto, na herufi yao ni B. Mitambo mingi ya Trane nayo ina B, ila B hiyo haihusiki na vali hata kidogo: ni njia ya kurudi, ile ambayo kwa wengine ni C. Kwa hiyo mwenye nyumba mwaminifu, akichomoa waya kwenye B ya zamani na kuuchomeka palipoandikwa O/B kwenye themostati mpya, amejitegea mtego. Themostati ikiipa vali umeme, pande mbili za transfoma zinakutana ana kwa ana. Akiwa na bahati, fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5 kwenye bodi inakufa badala ya wengine. Asipokuwa nayo, inakufa transfoma. Taifa lililofikisha watu mwezini lingeweza, kwa heshima zote, kukubaliana juu ya herufi moja.

Hata hivyo, aliyekosea O kwa B huadhibiwa upesi. Anaomba joto Januari, anapulizwa upepo wa friza. Kosa la namna hiyo lina ustaarabu wake, kwa sababu linajitangaza, na tiba yake ni kubadili jibu moja kwenye menyu.

Barua hii imeandikwa kwa ajili ya kosa linalonyamaza.

Nyaya zikishafungwa, themostati huanza kuhoji. Swali lake mojawapo: mfumo wa nyumba hii ni wa kawaida, au ni pampu ya joto? Mtu aliyefungiwa mashine ya kawaida na fundi wa kawaida katika mtaa wa kawaida hujibu kawaida. Kuanzia hapo Y inakuwa ya kupoza tu, na kila joto linapohitajika amri inapita W, moja kwa moja hadi kwenye koili. Pampu, yenye alama zake zote za Wizara, inalala nje majira mazima ya baridi. Na nyumba inapata joto! Joto zuri sana, tena hewa inayotoka kwenye matundu ni moto kuliko ile ya pampu, kiasi kwamba watu wa nyumbani wanaisifu mashine mpya. Hakuna taa inayowaka. Hakuna kengele. Hakuna mtu anayempigia simu fundi kulalamika kwamba nyumba yake ina joto.

Hesabu ni fupi. Tuseme nyumba inahitaji uniti 30 za joto kwa siku. Pampu ikifanya kazi vizuri italeta hizo kwa uniti kama 10 za umeme; koili zitakula zote 30. Mwaka 2023 wastani wa bei ya umeme majumbani Marekani ulikuwa senti 16 hivi kwa uniti. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni dola 48 upande mmoja na dola 144 upande wa pili, kwa joto lilelile. Atakayeshangaa bili ataambiwa mwaka huu baridi imekuwa kali, na ataamini, maana baridi kweli ilikuwepo.

Lipo jimbo moja ambalo mwandishi analitaja kwa makusudi: Kentucky. Lexington na Louisville zina familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, na ni sehemu ya nchi ambako pampu za joto zenye mabomba ni jambo la kila mtaa. Mtu aliyekulia Uvira, huko Kongo, hakuwahi kuhitaji kifaa cha kupasha nyumba joto. Themostati anaikuta ukutani kwenye nyumba ya kupanga ikiwa imeandikwa digrii za Fahrenheit, 68 ikiwa na maana ya 20 za Selsiasi alizozizoea. Na Mtanzania aliyezoea LUKU ana hasara nyingine. Kwao umeme hulipiwa kwanza, na uniti huonekana zikipungua kwenye mita. Koili ya kilowati 10 ingemaliza uniti 10 kwa saa moja mbele ya macho yake, na kabla ya chakula cha jioni ukoo mzima ungekuwa kwenye kikao. Kwa utaratibu uliozoeleka Marekani, bili huja mwezi ukishapita, imetulia kwenye bahasha, haitaji mtuhumiwa.

Sasa suala la ushauri. Wizara huwafundisha wananchi kwamba wakishusha themostati kwa digrii 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa nane kila siku, wanaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka za kupasha joto na kupoza. Ushauri huu una nasaba. Februari 2, 1977, Rais Jimmy Carter alikaa mbele ya kamera amevaa sweta na kuwaomba Wamarekani waweke digrii 65 mchana na 55 usiku. Agosti ya mwaka huohuo akatia saini sheria iliyoizaa Wizara yenyewe. Ni ushauri mzuri kwa nyumba yenye tanuru la gesi. Ila chini zaidi katika mafundisho hayohayo, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni, Wizara inasema kwamba kwa pampu za joto kushusha hivyo wakati wa baridi kunaweza kufuta faida yote, na kwamba ni afadhali kuiacha mahali pamoja pa wastani. Sababu iko wazi: saa kumi na mbili asubuhi themostati inaona imebakiza digrii 8 kufika inakotakiwa, inaona pampu inakwenda polepole, inaita koili. Alichokiokoa mtu akiwa usingizini kinachomwa kabla hajapiga mswaki. Upo mpangilio wa kuzuia hili, wa kuikataza koili isiwake kama nje hakujashuka chini ya digrii fulani, tuseme 35, isipokuwa wakati wa kuyeyusha barafu. Umefichwa kwenye menyu ya fundi, na nyumba nyingi hazijawahi kuufungua.

Wizara haiwezi kusema haikuonywa. Mnamo 2010 watafiti wa Maabara ya Kitaifa ya Lawrence Berkeley, ambayo ni ya Wizara hiihii, walikusanya picha za themostati za watu na kukuta karibu moja kati ya tano inaonyesha saa isiyo sahihi. Karibu nusu ya waliohojiwa walikuwa wameiweka yao isimame mahali pamoja, ratiba yake yote ikiwa bure. Kabla ya hapo, mwisho wa 2009, nembo ya Energy Star, ile ya vifaa vinavyookoa nishati, ilikuwa imeondolewa kwenye themostati za ratiba kwa kuwa akiba iliyoahidiwa haikuthibitika majumbani. Nembo ikarudi 2017 kwa themostati zenye intaneti, zikitakiwa safari hii kuonyesha akiba kwa takwimu za matumizi halisi. Hatua nzuri, na mwandishi hana kinyongo nayo.

Kwa upande wa sheria, kanuni ya kimataifa ya uhifadhi wa nishati katika majengo, ambayo majimbo mengi huichukua na kuirekebisha, inataka vidhibiti vizuie koili kuwaka pale ambapo kompresa inaweza kuubeba mzigo peke yake, isipokuwa wakati wa kuyeyusha barafu. Imeandikwa vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba kanuni huishi kwenye kabati la mkaguzi, na lile swali la kawaida-au-pampu hujibiwa sebuleni Jumamosi jioni, mkaguzi akiwa kwake.

Basi maombi, nayo si makubwa. Themostati yoyote yenye waya kwenye O/B ikatazwe kukubali jibu la kwamba mfumo ni wa kawaida. Zipo tayari zinazoweza kutambua waya huo, kwa hiyo hakuna anayedaiwa uvumbuzi. Koili zinapowaka, kioo kiseme hivyo kwa maandishi yanayosomeka kutoka kwenye kochi, pamoja na muda zilizowaka tangu mwezi uanze, badala ya vile vijiherufi vya AUX vinavyoonekana kama uchafu wa kidole. Kitufe cha dharura, kinachoizima pampu kabisa na kuachia koili kazi yote, kieleze kwamba ni cha siku pampu imeharibika, maana wapo wanaokibonyeza kila theluji ikianguka wakidhani wanaisaidia mashine. Na siku serikali itakapopata tena moyo wa kusaidia wanunuzi, senti za mwisho zitoke baada ya jaribio dogo: siku ya baridi ya wastani, digrii 45 au 50, themostati ipandishwe digrii moja, fundi na mwenye nyumba watoke nje pamoja, waangalie kama lile panga la feni ya mashine linazunguka. Lisipozunguka baada ya dakika tano, muda ambao kompresa huweza kusubiri kabla ya kuwaka tena, na ndani joto likawa linapuliza, fundi asiondoke.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi

Nakala: Waliopanga O na B, popote walipo.