Mlio Usiokula Cha Juu

Dalali akiongeza sauti ya redio, jua kuna anayezibwa mdomo. Huyo ni mlio wa gari, na leo natoa sifa zake, maana hana wa kumsifia.

Katika yadi nzima ya magari yaliyotumika, mlio ndio msema kweli pekee. Kilomita hurudishwa nyuma. Bodi hupigwa polishi. Injini huoshwa ikang'aa kuliko sufuria za harusi. Dalali naye ataapa kwamba gari lilikuwa la mama mmoja mwalimu, la kwenda kanisani na kurudi. Mlio hauli kiapo wala cha juu.

Tena una adabu, hujibu kile ulichouliza. Kata usukani mpaka mwisho, kanyaga mafuta taratibu: ka-ka-ka ya mbele ni jointi ya ekseli iliyokwisha. Vumo linalopanda na mwendo ni beringi ya gurudumu; likizidi unapopinda kulia, ubovu uko kushoto, kwa kuwa uzito wa gari umeegemea huko. Ila ukisikia injini inagonga kwa ndani, kwa sauti nzito inayozidi ukikanyaga mafuta, shuka, aga vizuri, panda daladala.

Ndiyo maana muuzaji mjanja huliwasha gari kabla hujafika, kwa sababu milio mingine husema injini ikiwa baridi tu. Gusa boneti. Likiwa la moto, shahidi keshapewa nauli ya kwenda kijijini siku ya kesi.

Mimi mlio uliwahi kunitetea, hapa hapa Dar es Salaam. Kigari kilikuwa cheupe, kinanukia marashi. Dalali alikaa pembeni yangu, kidole kwenye redio. "Bosi, sikia hiyo spika!" Nikazima. Akawasha. Nikazima tena. Tukapanda tuta: kong!

"Hiyo jeki, haijafungwa vizuri."

Tukasimama, tukatoa jeki, tairi ya akiba, hata dumu la maji, tukavirundika kwenye kiti cha nyuma. Tuta la pili: kong! Dalali akanyamaza, na katika ukimya ule nikausikia mlio wa pili, vuuu, ambao redio ilikuwa imeufunika tangu tutoke yadi.

Fundi wangu aliingia uvunguni dakika chache tu, akatoka na kipande cha bushi kilichopasuka, cheusi, kama kisigino cha ndala ya zamani. Kisha akapiga jeki, akalishika gurudumu la mbele kushoto juu na chini, akalitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Hakusema neno, alimtazama dalali tu.

Bei ikashuka laki saba papo hapo. Fundi nilimlipa, dalali alichukua chake, na mlio haukuniomba hata hela ya soda.