Sifa za Betri Iliyochoka

Nakaa Ulaya. Si ile ya theluji. Hii yangu iko Kilosa, njia ya kwenda Mikumi, na ndugu zangu wa Dar es Salaam hawachoki kunitania kwamba mtu wa Ulaya analala gizani. Nani kasema giza? Nguzo za umeme hazijafika uani kwangu, kweli, lakini nina sola, na nina betri iliyochoka, na mwenye betri iliyochoka ana nusu giza, nusu mwanga na amani tele.

Tuanze na ukoo, maana hasifiwi mtu bila nasaba. Babu wa betri hii ni ile ya risasi na tindikali aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Hii ya kwangu ilizaliwa kuwasha lori: itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini ikinguruma ipumzike. Mimi nikaipa kazi ya mlinzi, ikeshe na balbu nne za gari, redio, na simu za majirani. Haikudai nyongeza. Ilipozeeka tu ndipo busara zake zilipoonekana.

Ikifika saa mbili usiku, balbu zinaiva wekundu wa kiini cha yai la kienyeji. Watoto wanalala bila kufukuzwa. Dagaa bakulini hawahesabiki, kwa hiyo mgeni anakula akiamini ni wengi. Mjomba, ambaye huaga kuja siku mbili akakaa wiki mbili, hawezi kutusomea gazeti kwa sauti.

Na elimu je? Mwanangu wa darasa la tatu amejulia desimali kwenye betri: volti 12.7 imeshiba, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 unaidhulumu. Mtambo wa umeme wa Kidatu, humu humu mkoani Morogoro, una megawati 204, lakini nani kati ya wanaoutumia anajua usiku huu umebakiza ngapi?

Mama watoto, asiyethamini utulivu, akaita fundi. Kijana akawasha taa zote kwanza, ndipo akatoa mita. Kwenye vichwa vya betri, 12.3. Kwenye balbu, 10.8.

"Mzee, betri imechoka, ndiyo, lakini hapa inasingiziwa. Volti moja na nusu inaliwa njiani."

Mlaji akaonekana upesi: unga wa kijani na mweupe uliojaa kichwa cha chanya kama ukungu wa mkate, na nati unayoweza kuizungusha kwa kidole. Akaosha kwa maji moto yenye magadi, vizibo vikiwa vimefungwa vizuri, akapiga msasa, akakaza, akapaka grisi. Ule waya wangu mwembamba, uliofungwa kwa nailoni, akaubadilisha. Mwisho akaongeza maji ya betri, maana sahani za ndani zilikuwa zimeanza kuchungulia.

Usiku ule nyumba ikawaka. Nikaona utando wa buibui ambao nadhani ni mkubwa wangu kwa umri. Mjomba akainamia bakuli, akahesabu kwa sauti: dagaa saba. Kisha akaulizia gazeti.

Aliondoka baada ya siku kumi na sita. Jana amepiga simu, anakuja Ijumaa. Nimeingia nyuma ya kabati na spana namba 10, nikailegeza ile nati ya chanya. Nusu mzunguko tu.