Kwa Heshima ya Kinyesi cha Simba

Simba amesifiwa mpaka sifa zimemwagika. Yumo kwenye noti ya shilingi 2,000, yumo kifuani mwa jezi nyekundu za Msimbazi, na kila mwanasiasa aliyepata kukohoa kwa sauti nzito keshaitwa jina lake. Kinachotoka nyuma ya simba, hata hivyo, hakijapata malenga. Dhuluma hii imedumu vya kutosha. Kwa kuwa nimewahi kukiinamia tangu alfajiri hadi magharibi, kwa hiari yangu na kwa fedha zangu, katika kituo kimoja cha kuzalisha simba jimboni Free State, Afrika Kusini, naona ninastahili kusimama mbele ya kadamnasi na kukipa heshima zake.

Kituo chenyewe sikitaji. Kina wakili, mimi sina.

Fadhila ndogondogo tuzimalize haraka. Kinyesi cha simba ni mlinzi: Uingereza zimeuzwa punje zilizotiwa harufu yake, zikiitwa Silent Roar, za kumfukuzia paka wa jirani bustanini, na huko Japani kampuni moja ya reli ilikijaribu kando ya njia ili kulungu wasigongwe na treni. Kulungu walikereka, na binadamu nao wakakereka. Kinampa mtu nafasi: teksi iliyonirudisha Johannesburg, ambayo kwa kawaida hupakia mpaka abiria wakahesabiana mapigo ya moyo, iliniachia kiti kizima cha nyuma. Kinaleta usawa, maana daktari wa meno kutoka Ubelgiji na binti wa Kikanada aliyemaliza shule juzi walishika machepe yanayofanana na kutapika kwenye kichaka kimoja. Nzi nao wanakipenda, na nzi hawana unafiki.

Lakini fadhila iliyonileta hapa ni moja: kinyesi cha simba hakisemi uongo.

Naomba jambo hili lipokewe kwa uzito wake. Mtafiti wa Serengeti akitaka kujua simba amekula nini, hamfuati simba na daftari. Anaokota choo, anakikausha, anakiosha, anachambua nywele zilizobaki na kuziweka chini ya hadubini. Nywele za nyumbu haziigizi za pundamilia. Kutoka humo humo wataalamu husoma vinasaba na kumjua aliyepita ni nani. Hupima homoni wakajua kama jike ana mimba, na kama mnyama anaishi kwa raha au kwa hofu. Yote hayo bila sindano, bila dawa ya usingizi na bila kuombana miadi. Kinyesi cha simba ni hati ya kiapo. Ni ripoti ya mkaguzi iliyowasilishwa kwa wakati, kila siku, pamoja na viambatisho. Hakijawahi kuitisha mkutano na waandishi wa habari kusema kimenukuliwa vibaya. Nimefikiri sana, na napendekeza kiingizwe katika utumishi wa umma: viongozi wetu waendelee kujaza zile fomu za kutangaza mali, sawa, lakini kila fomu iambatane na sampuli. Mahakamani pia kingefaa. Shahidi huyu hahongeki, hatishiki, na wakili wa upande wa pili hatasogea karibu kumhoji.

Sasa, shahidi wangu alisema nini?

Kwanza alisema kuku. Nilikuta unyoya mweupe, halafu mwingine, halafu mguu mzima uliopita salama safari yote ile. Kuku wa kisasa. Mnyama ambaye mababu zetu walimpisha njia alikuwa analishwa chakula kile kile anachokimbilia mwenye sherehe isiyo na bajeti. Wakati huohuo kijitabu cha kituo, chenye karatasi nzuri ya kung'aa, kilieleza kwamba simba hawa wanaandaliwa kurudi porini. Mimi nimelelewa Tanzania, nchi inayosemwa kuwa na simba wengi wa porini kuliko nyingine yoyote, na sijapata kusikia makundi ya kuku wa kisasa yakivuka Mto Mara kila mwaka huku watalii wakipiga picha.

Pili, upande wa watoto, shahidi alikuwa mwepesi na wa manjano, kwa sababu watoto walikuwa wananyweshwa maziwa ya unga kwa chupa na matumbo yao yanayakataa. Tuliambiwa ni yatima. Mama zao wamekufa, wengine wamewatelekeza, na mikono yetu ndiyo imebaki. Binti wa Kikanada alilia. Nami nilikaribia kulia, ila nilisikia ng'ambo ya uzio, mwendo wa dakika chache tu, jike likiita. Likanyamaza, likaita tena. Nikamuuliza kijana aliyetuongoza: yule anamwita nani? Akasema simba hupenda kunguruma asubuhi.

Hupenda kunguruma! Yatima gani hawa ambao mama yao anasikika? Jike la porini hukaa na watoto wake karibu miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Ukimnyang'anya wakiwa na siku chache, joto linamrudia mapema, anapandwa, na baada ya siku 110 hivi umepata yatima wapya. Hicho si kituo cha kulelea yatima, ni kiwanda chao. Na chupa ile niliyoishika, niliyopigwa nayo picha nikitabasamu kama mkunga aliyefanikiwa, ndiyo mashine ya kiwanda.

Samahani. Tulikuwa kwenye sifa.

Kinyesi cha simba kina sifa pia ya kufundisha uchumi. Nyumbani, mtu akiingia choo cha stendi ya mabasi hulipa, anapewa kipande cha karatasi, anatoka. Huku nililipa, nikapewa chepe, nikasafisha choo cha mwingine. Mzee mmoja wa Kisotho ambaye kazi hiyo ndiyo ajira yake (tulimwita Ntate, kama wazee wanavyoitwa kule) alinitazama nikisukuma toroli, akaniuliza kwa upole nimeshtakiwa kosa gani. Alidhani natumikia kifungo cha nje. Nilipomweleza kwamba nimelipia, na kiasi nilichokilipa, aliweka toroli lake chini. Hakucheka. Alipiga hesabu kimyakimya, akatazama foleni ya wazungu na mimi tukiwa na magwanda mapya, na nadhani hesabu yake ilihusu mshahara wake. Mtu anayelipwa kuzoa anawezaje kushindana na mtu anayelipa ili azoe?

Kinyesi hakina habari na hayo. Kinaendelea kutoka. Ila shahidi wangu ana mpaka wa ushahidi: mnyama akiondoka, naye anaondoka. Niligundua hilo mchana, nilipomaliza mabanda. Palikuwa na watoto wa chupa. Palikuwa na wale wa miezi michache, wanaoshikwashikwa na wageni mpaka makucha yao yaanze kuharibu nguo. Palikuwa na vijana wa mwaka na kidogo, wanaotembezwa na watalii kwa fimbo. Palikuwa na majike ya kuzaa, na madume machache ya mbegu. Dume la miaka 4, la 5, lenye manyoya ya shingo yaliyokomaa, sikulizoa popote. Kwa idadi ile ya watoto, mahali pale pangepaswa kuwa na madume tele.

Yanakokwenda hakuhitaji uganga. Nchini Afrika Kusini simba wa kufugwa wanakadiriwa kuwa 8,000 au zaidi, wengi kuliko simba wa porini wa nchi hiyohiyo. Dume lililozoea binadamu tangu chupa huuzwa kwa mwindaji, likafunguliwa ndani ya uzio ambamo haliwezi kupotea, likapigwa risasi na mtu atakayelipeleka ukutani kwake. Mifupa nayo ina soko Asia ya Mashariki, inakotumika badala ya mifupa ya chui milia. Mwaka 2017 serikali iliruhusu mifupa ya simba 800 isafirishwe nje, na mwaka 2019 mahakama kuu ya Pretoria ikasema viwango vya namna hiyo viliwekwa kinyume cha sheria. Kwetu Tanzania pia simba huwindwa kwa leseni, na kanuni inataka dume liwe limefikia miaka 6. Utaratibu huo una wapinzani wake na sitautetea hapa, lakini simba huyo angalau amewahi kumkimbiza nyumbu.

Mwaka 2021 waziri wa mazingira wa Afrika Kusini, Barbara Creecy, alitangaza kwamba ufugaji wa simba kibiashara utasitishwa, baada ya jopo aliloliteua kusema biashara hii inaichafulia nchi jina katika uhifadhi na utalii. Watu wakashangilia. Mwaka uliofuata ikaundwa timu ya kutafuta namna ya wafugaji kujiondoa kwa hiari. Kwa hiari! Kumbe wote tulikuwa watu wa kujitolea: mimi nilijitolea kuzoa, na mwenye simba anaombwa ajitolee kuacha kuuza. Tofauti ni kwamba mimi niliombwa nilipe kwanza. Mwaka 2024 baraza la mawaziri likapitisha sera. Majike yanaendelea kuhesabu siku 110, hayasomi sera.

Jioni tulikusanywa kwa ajili ya maswali. Daktari wa meno akauliza kuhusu meno. Nikauliza madume makubwa yako wapi. Mwenye kituo, mtu mchangamfu mwenye mkono mzito wa kupeana, alisema wamehamishiwa hifadhi nyingine. Ipi? Hifadhi za marafiki. Naweza kutembelea? Akaangalia saa, akasema maneno mazuri kuhusu Afrika, na vyeti vikaanza kugawiwa.

Ninacho cheti changu. Kina muhuri wa unyayo wa mtoto wa simba, kimekosea jina langu, na kinathibitisha kwamba nimechangia kumwokoa mfalme wa nyika asitoweke. Daktari wa meno alipata kama hicho, na binti wa Kikanada naye, akakibusu. Kinyesi, kilichotoa ushahidi siku nzima bila hata chakula cha mchana, hakikupewa barua ya shukrani.