Mvua Fundi

Swichi haina adabu ya kukumbuka watu. Kompyuta ikituma chochote, swichi inaandika kwenye jedwali lake kwamba anwani fulani imeonekana poti fulani. Kompyuta hiyo ikinyamaza dakika tano (sekunde 300 kwa swichi nyingi), inafutwa. Hapa Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira, watu wanakumbuka hata deni la ndama la babu yako. Kwa hivyo tabia hiyo ya kusahau ilimkera sana mama mwenye saiba ninakofanya kazi.

"Inasahauje printa yangu na mimi nimelipa?" alimuuliza fundi.

Fundi angemweleza kwamba huko kusahau ndiko akili yenyewe: hamisha printa poti yoyote, ikitoa neno moja tu swichi itaijua ilipo, na ikimtafuta mtu isiyemjua inapeleka ujumbe poti nyingine zote hadi mwenyewe aitike. Lakini fundi aliona kazi. "Mama, hiyo tunaifunga." Akaandika anwani ya printa, herufi na tarakimu 12, akaiambia swichi kwamba printa iko poti ya 7, leo na siku zote. Akaweka nakala ya mipangilio kwenye flashi ya swichi kwa jina sawa-mpya, pamoja na faili zake nyingine: sawa, sawa2, mwisho, mwisho-kabisa. Marufuku kufuta hata moja. "Hujui ni gani inatumika," alisema. Na yeye je?

Jambo moja lilimpita. Swichi ikiwaka haisomi "sawa" wala "mwisho". Inasoma faili moja tu, ile ya kuanzia, na hiyo hakuigusa.

Ikafika tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za kodi za KRA, na foleni ikatoka nje hadi kwa wauza ndizi. Asubuhi hiyo mtu alikuwa amepiga deki, akachomoa kebo, akazirudisha alivyojua yeye. Printa ikaangukia poti ya 3. Poti ya 7 ikapewa kompyuta ya vijana wa gemu. Taa zote za kijani ziliwaka, nasi tukaona mambo ni mazuri.

Karatasi hazikutoka. Kila tulichobonyeza kilipelekwa poti ya 7, na kompyuta ya gemu ikakitupa kwa kuwa hakikuwa na anwani yake.

"Kijana, hiyo karatasi yangu imeenda wapi?" aliuliza mzee mmoja wa Borabu, upande wa Nyamira. "Nimekuona ukibonyeza."

"Imeenda kwa printa, mzee."

"Printa si hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi ilipotelea njiani."

Hakuna fundi wa mtandao aliyewahi kutoa utambuzi sahihi kama huo. Mimi nilibonyeza tena. Na tena.

Saa tisa mawingu yakashuka kutoka upande wa majani chai, mvua ya mawe ikapiga mabati hadi tukawa tunasemezana kwa mikono, na stima ikapotea. Iliporudi, swichi ikasoma faili yake ya kuanzia, ambayo haikujua lolote kuhusu "siku zote". Printa ikajitambulisha kutoka poti ya 3, ikaandikwa, na karatasi zikaanza kumwagika. Zote. Mzee akapokea bunda la vyeti vyake mwenyewe, akavipima kwa kiganja.

"Sasa nimelipa kodi mara ngapi?"

Tulikuwa bado tunacheka fundi alipoingia amelowa, kwani alikuwa ameitwa kabla ya mvua. Akachungulia mipangilio, akashika kichwa. "Stima imefuta kazi yangu yote!" Kabla hatujamzuia alikuwa amepakia sawa-mpya. Printa ikanyamaza kimya.

Akabadilisha kebo. Akazima printa, akaiwasha. Kwenye foleni mama mmoja akamshauri kwa upole, "Fundi, si ungoje mvua nyingine?" Ndipo alipofungua jedwali: swichi ilikuwa imejifunza anwani zote yenyewe, isipokuwa moja iliyobandikwa poti ya 7. Akaifuta kwa mstari mmoja, na safari hii akahifadhi kwenye faili ya kuanzia. Kisha, kwa usalama, akatengeneza nakala: mwisho-kabisa2.

Akadai malipo ya kazi mbili. Mwenye saiba akahesabu noti za kazi moja, akamkabidhi. "Ile nyingine," akasema, "ilifanywa na mvua."