Kwa Mheshimiwa Rais, kuhusu sala na mashamba ya Rumonge

Mheshimiwa Rais Évariste Ndayishimiye, Sebarundi,

Kwa heshima zote anazostahili mkuu wa nchi, naomba ruhusa yako nikuandikie, mimi raia mdogo wa mwambao wa Tanganyika. Unisamehe kwa kukuchukulia muda. Nimepata ujasiri kwa sababu nakusikia ukimtaja Mungu hadharani, na wewe na mkeo, Mama Angeline, mnahudhuria wenyewe mikutano ya sala. Kiongozi anayepiga magoti ni heshima kwetu sote.

Tafadhali uniruhusu nikukumbushe habari ya Nabothi, katika 1 Wafalme sura ya 21, ambayo naamini unaijua kunishinda. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la jirani yake. Nabothi akakataa kuachia urithi wa baba zake. Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, mfungo ukatangazwa. Watu wakakusanyika, Nabothi akaketishwa mbele yao, mashahidi wawili wa uongo wakasema amemtukana Mungu na mfalme, na wazee wa mji, bashingantahe wa Yezreeli tuseme, wakafanya kama Yezebeli alivyowaandikia. Akapigwa mawe, na Ahabu akashuka kulichukua shamba. Kila nikiisoma habari hii natetemeka, Mheshimiwa, maana mfungo ule haukupungukiwa kitu machoni pa watu. Eliya alipotumwa kwa mfalme hakuuliza kama watu walifunga vizuri. Aliuliza habari za damu na shamba.

Mika naye, sura ya 2, anawashutumu wanaotamani mashamba na kuyanyang'anya, na Isaya 58 anakataa mfungo wa watu wanaowaonea wafanyakazi wao siku hiyohiyo. Wala manabii hawa hawakuichukia ibada: Isaya aliitwa akiwa ndani ya hekalu. Amosi aliposema maneno ya namna hii Betheli, kuhani Amazia alimshtaki kwa mfalme kuwa anapanga njama. Nakusihi, Baba, barua hii usiisome kwa sikio la Amazia.

Kwetu Rumonge jambo hili la mashamba bado ni bichi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kwenye mwambao huu na kuua watu, kisha serikali ya wakati ule ikalipiza kwa mauaji makubwa zaidi nchi nzima. Maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nyuma yao mashamba yakagawiwa wengine. Mengine yakaingizwa katika mradi wa michikichi wa serikali. Waliporudi, walimkuta mtu mwenye karatasi halali, aliyelea watoto hapo na kuzika wazazi wake hapo. Mara nyingi wote wawili ni maskini. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilimaliza muda wake 2022. Ugomvi haukumalizika nayo. Wapo wanaosimama safu moja msikitini Ijumaa, wapo wanaokaa benchi moja kanisani Jumapili, na wakitoka nje hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba.

Kwa unyenyekevu mkubwa, hili ndilo ombi langu. Mkutano wa sala utakapoletwa kwenye mwambao huu, siku zinazoutangulia zitengwe kwa ajili ya mashamba. Uje mwenyewe, au umtume unayemwamini, aketi na mahakimu na bashingantahe, amsikie aliyerudi na yule aliyekutwa shambani. Hukumu zilizokwisha kutolewa zitekelezwe bila kuangalia sura ya mtu. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kwamba mkimbizi atarudishiwa ardhi yake, na isipowezekana alipwe fidia ya haki. Ahadi hiyo itafutiwe fedha. Na mkaaji atakayelazimika kuhama, kwa kuwa serikali yenyewe ndiyo iliyompa shamba, asiondoke mikono mitupu.

Tukishafanya hivyo, tutakuja kusali pamoja nawe, Waislamu na Wakristo.

Nakuombea afya njema wewe na familia yako, na nasubiri jibu lako kwa heshima kubwa.

Raia wako mtiifu,
Rumonge