Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wagawaji wa Viti Mwendo

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi. Swali linaloumiza vichwa vya wataalamu, yaani nani apewe kiti mwendo cha kusukuma kwa mikono na nani apewe cha umeme, ofisi zenu zimelimaliza bila kikao. Viti vyote hushushwa kwenye lori vikiwa vya saizi moja, vya kukunja. Mama wa kilo 90 na binti wa darasa la tatu hupokea kiti kilekile, kisha kila mmoja hurudi nyumbani na maumivu yake: mmoja nyonga zimebanwa, mwingine anapwaya kitini, mgongo ukipinda.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya mikono kwa nchi zenye uwezo mdogo. Una hatua 8, kuanzia rufaa na tathmini hadi mafunzo, matengenezo na ufuatiliaji. Nyinyi mmezipunguza zikabaki mbili: kukabidhi na kupiga makofi.

Kiti cha mikono kisidharauliwe. Uzito wake aghalabu hauzidi kilo 20, hukunjwa kikaingia kwenye buti la teksi, na tairi likipasuka fundi baiskeli wa mtaani huliziba. Kwa aliyepooza miguu tu, mwenye mabega imara na sakafu ya saruji, hakina mpinzani. Adui yake ni mchanga. Kwenye vichochoro vya Mbagala yale magurudumu madogo ya mbele huzama, na mabega yanayofanya kazi ya miguu huchakaa mapema. Vipo viti vya magurudumu matatu, lile la mbele likiwa limesogezwa mbali ili lisizame, lakini lori lenu havikulipanda.

Cha umeme nacho huitwa anasa. Anasa gani? Mhandisi George Klein wa Kanada alikibuni kwa ajili ya askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakiwa wamepooza mikono na miguu. Mtu asiyeweza kukunja vidole hawezi kusukuma gurudumu hata mngempa la dhahabu. Anahitaji kijiti cha kuongozea na injini. Hata hivyo, mzigo wake si mdogo. Kiti hicho kinaweza kuzidi kilo 100, na betri zake hulala kwenye chaji usiku kucha, kisha baada ya miaka michache hudai kubadilishwa. Kwenye daladala hakipandi. Konda hatahitaji hata kubishana. Umeme wa LUKU ukiisha usiku, wengine nyumbani hulala gizani, lakini mwenye kiti huamka hana pa kwenda.

Kwa hiyo kuna maswali ya kuuliza kabla ya lori kuondoka bandarini. Mlango wa nyumba una upana gani? Choo kiko ndani au uani? Mikono ina nguvu kiasi gani, na ugonjwa unazidi au umetulia? Nani atatengeneza? Wa kuyauliza wapo: chuo cha TATCOT mjini Moshi kinafundisha mafundi sanifu wa fani hii.

Sheria pia ipo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 20 inataka mtu atembee kwa namna na wakati anaouchagua mwenyewe, kwa gharama anayoimudu. Anaouchagua mwenyewe, waheshimiwa, si mfadhili.

Mjifariji kidogo, maana mnao wenzenu Marekani. Kule bima ya serikali ya Medicare hulipia kiti cha umeme kwa anayekihitaji ndani ya nyumba yake. Kukihitaji ili aende sokoni peke yake hakutoshi. Naam, ulemavu wa mtu huishia mlangoni.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Ingizeni humo kifungu cha tathmini, betri, matairi na mito ya kukalia, hata kama idadi ya viti vya kukabidhi itapungua.