Mkono Wenu Umefika Kabambare: Barua ya Wazi kwa ARPTC

Kwa wakubwa wa Mamlaka ya Udhibiti wa Posta na Mawasiliano ya Kongo, Kinshasa

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kutoka Kasongo, kwanza kushukuru, maana shukrani hizi tumewawekea tangu 2020. Mwaka ule, chini ya waziri wa mawasiliano Augustin Kibassa Maliba, ilianzishwa Rejista ya Vifaa vya Mkononi, ile ambayo nchi nzima iliijua kwa jina la RAM, na kwa mara ya kwanza tukaona kitu cha serikali kikifika kusini mwa Maniema siku ile ile kilipofika Gombe, Kinshasa. Huku tumezoea vitu vya leta, yaani vya serikali, kukawia. Dawa zinakawia, mshahara wa mwalimu unakawia, mashine ya kutengeneza barabara inakawia mpaka tunasahau tuliahidiwa na nani. RAM haikukawia. Mtu wa Kabambare, teritware jirani yetu, aliweka yunite za simu asubuhi, na kabla hajasema "halo" ya pili mlikuwa mmeshakata zenu. Hamkuzuiwa na matope, hamkungoja mtumbwi, hamkuombwa karatasi kwenye kizuizi chochote cha njiani. Kazi ya namna hiyo inastahili nishani, na barua hii inaeleza kwa nini.

Tukumbushane bei, kwa kuwa wakubwa mna mengi ya kukumbuka. Simu ndogo ya vibonye ilitozwa dola 1 kwa mwaka. Simu ya 3G au ya 4G, dola 7. Kwa huruma yenu mligawa mzigo kwa miezi sita, senti 17 kila mwezi kwa simu ndogo na dola 1.17 kwa simu kubwa, zikitoka moja kwa moja kwenye yunite. Dola wakati ule ilikuwa kama faranga 2,000, kwa hiyo mwenye simu ya Android aliachana na faranga 2,300 na zaidi kwa mwezi kabla ya kumsalimia yeyote. Mlisema ni malipo ya huduma: kutambua kila kifaa kwa namba yake, kufungia simu za wizi na za bandia. Sasa, mtu yeyote akibonyeza *#06# kwenye simu yake ataiona namba hiyo. Ina tarakimu 15. Simu ya muuza mihogo ina tarakimu 15, na ya mbunge ina tarakimu 15. Mashine iliyosoma ni ile ile. Imekuwaje kusoma namba moja kukagharimu dola 1 na nyingine dola 7? Labda tarakimu za Android zimeandikwa kwa mwandiko mbaya. Na kwa nini malipo yawe ya kila mwaka, wakati namba hiyo haibadiliki tangu simu inatoka kiwandani mpaka inaangukia kisimani?

Jibu ninalolipata ni moja tu: hamkutoza kazi mliyofanya, mlitoza uwezo wa simu. Hapo ndipo Kabambare inaingia, na naomba tukae hapo kidogo. Simu ya 3G au 4G ina uwezo wa kufungua intaneti, kupokea picha, kutuma sauti. Lakini uwezo huo hauko ndani ya simu peke yake, nusu yake iko kwenye antena. Katika vijiji vingi vya huku rezo, yaani mtandao, ni ya kupiga na kupokea tu, tena kuna mti fulani au mlima fulani ambao kila mtu anaujua, ndipo watu wanasimama jioni wameinua mikono juu kama wanaojisalimisha. Simu ya dola 7 ikipandishwa mlima huo inafanya kazi ya simu ya dola 1. Kwa hiyo mtu wa Kabambare alilipia 4G akapewa mlima. Mtu wa Gombe alilipa dola 7 zile zile na 4G anayo kitandani. Kama ni malipo ya huduma, tuambieni ni huduma gani hiyo ambayo inalipwa sawa pale ilipo na pale isipokuwepo.

Mji wa Kasongo si mgeni wa mambo ya ushuru. Ulikuwa kituo kikubwa cha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kabla ya majeshi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji kuuteka mwaka 1893, na katika biashara ile ya misafara watawala wa njiani walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Ilikuwa biashara ya dhuluma na damu, hakuna wa kuisifu. Lakini hata mtoza hongo alikuwa na adabu moja: ukishamlipa, njia anakufungulia. Ninyi mlichukua hongo mahali ambapo njia yenyewe haijakatwa.

Mtajibu kwamba RAM imeshazikwa, na kufukua makaburi si tabia nzuri. Ni kweli imezikwa. Oktoba 2021 wabunge waliimba ndani ya Bunge kuipinga, na mwanzoni mwa 2022 serikali ikaifuta. Tunashukuru pia kwa mazishi. Lakini matanga bado, maana kwetu mtu akifa watu wa nyumbani hukaa wakaulizana ameacha nini, anadai nani, nani anamdai. Sisi wa Kasongo hatujaona karatasi inayosema: teritware ya Kasongo ilitoa kiasi hiki, ya Kabambare kiasi hiki, na kwa fedha hizo simu kadhaa za wizi zilifungiwa, au antena moja ilisimamishwa mahali fulani. Tena kifo cha tozo hakituhakikishii kitu. Jirani zetu wa Uganda waliwekewa mwaka 2018 kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Ilipoishinda serikali yao mwaka 2021 haikwenda mbinguni, ilirudi ikiwa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Tozo za simu zina tabia ya kufa jioni na kuamka asubuhi zimebadili jina.

Mtajibu pia kwamba kupambana na simu za bandia ni jambo jema na nchi nyingi zinalifanya. Hapo nakubaliana nanyi bila kejeli. Simu bandia inaungua, inakula betri, na mwizi akijua kwamba simu aliyoiba itazimwa atafikiri mara mbili. Tanzania ilizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016. Watu walilalamika, simu nyingi zikageuka saa za ukutani. Ila sijasikia kwamba mwenye simu halali alikatwa dola 7 kila mwaka kwa kosa la kuwa na simu halali. Usalama mlioutangaza ulikuwa mzuri, namna ya kuulipia ndiyo ilitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jibu la tatu ndilo zito, na ndilo linalotolewa kila mara mtu akiuliza habari za rezo vijijini: Maniema ni mbali. Barabara ni mbovu, mafuta ya jenereta ya antena yanasafirishwa kwa shida, umeme hakuna, na upande wa Kabambare kuna watu wenye silaha. Tena makampuni ya simu ni ya biashara, hayawezi kulazimishwa kupoteza. Yote hayo ni kweli. Kutoka Kasongo kwenda Kindu, makao makuu ya jimbo letu, ni zaidi ya kilomita 200, na aliyezipita wakati wa mvua hana haja ya kuelezwa. Lakini RAM ndiyo iliyolimaliza jibu hili. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mlithibitisha kwamba kitu cha Kinshasa kinaweza kufika Kabambare kila mwezi bila gari. Mkono wa kuchukua ulifika. Na mkono wa kufunga unafika vilevile: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilizima intaneti nchi nzima kwa muda wa siku 20 hivi, na huku pia ilizimika, bila yeyote kusema barabara ni mbovu. Mkono wa kuleta peke yake ndio unaosubiri kiangazi.

Kuhusu makampuni na hasara, sheria mnayo. Sheria Na. 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, iliyotoka wakati RAM ndiyo kwanza inaanza kutukata, inazungumzia huduma kwa wote, na mfuko wa kazi hiyo upo, FDSU, ili mtandao upelekwe mahali ambapo mfanyabiashara haoni faida. Na kuhusu barabara, chombo cha setilaiti hakina haja nayo. Machi 2024 mlitangaza kwamba kutumia Starlink, intaneti ya setilaiti, nchini ni kosa, Mei 2025 mkaipa leseni. Mtasema hapo katikati kulikuwa na sababu za usalama, waasi wangeweza kuitumia. Sababu hiyo siidharau, vita tunaijua kwa sura. Ila mwasi hakuomba leseni kabla na hataiomba leo, na waliotii katazo lenu kwa miezi ile ni shule, zahanati na wafanyabiashara wadogo. Hata sasa bei ya chombo hicho si ya mkulima. Lakini kimoja katika kituo cha afya, au kwenye shule ya sekondari, si ndoto kubwa kwa mfuko wenye jina kama lile.

Sitaki kusema sana juu ya madini, tumeshaimbiwa wimbo huo hadi na wageni. Niseme tu kwamba bati linaloshikisha vipande ndani ya simu hutoka katika kasiterite, na kasiterite ya Maniema imechimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Dhahabu kidogo iliyomo humo ina ndugu zake Namoya, hapo Salamabila, teritware ya Kabambare. Kama vifaa vya mkononi vingeandikwa katika rejista kwa mahali vilipozaliwa, baadhi vingelipa kodi ya ardhi kwetu.

Basi, waheshimiwa, tuje kwenye ombi. Hatuombi fedha zirudi, sisi ni watu wazima. Tunaomba ile akili yenu ya RAM isipotee bure. Anzisheni Rejista ya Minara. Kila antena ya Kasongo na Kabambare ipewe namba yake, hata ya tarakimu 15 mkipenda. Ikilala kwa kukosa mafuta, ijulikane imelala tangu lini, na kwa kila siku ya usingizi wake kampuni ikatwe, na ofisi yenu ikatwe pamoja nayo, dola 1.17. Kwa miezi sita tu, kwa huruma. Mtu atasema kampuni itarudisha hasara hiyo kwa mteja. Itajaribu, hakika, lakini kusimamia bei ni kazi yenu kwa sheria, na kama hamuwezi kuizuia kampuni kumtwika mteja dola 1.17, tutajiuliza mliwezaje kuikusanya kutoka kwa mamilioni ya wateja. Na pale ambapo antena haiwezi kusimama kwa sababu ya bunduki, andikeni neno "usalama" kwenye safu yake. Tutaelewa. Hatudai miujiza, tunadai safu ijazwe.

Ombi la pili ni rahisi zaidi na halina gharama. Makampuni yanasema huku hakuna wateja wa intaneti, kwa hiyo 4G italetwa siku wateja watakapopatikana. Ninyi ndio wenye hesabu. Kila simu mliyoikata dola 1.17 ilikuwa simu ya 3G au zaidi, na kila moja ilikatwa ikiwa imeshika antena fulani inayojulikana. Toeni idadi hiyo kwa kila teritware, bila majina ya watu na bila namba zao. Ikiwa ni ndogo, tutanyamaza na kurudi mlimani. Ikiwa ni kubwa, kampuni itakosa la kusema, na ninyi mtakuwa mmepata angalau faida moja ya RAM ya kuwaonyesha watu. Kama orodha imepotea, semeni imepotea, tujue kwamba tulilipia daftari ambalo halikuandikwa.

Jibu tungelipenda kwa karatasi, lipitie kwa mkuu wa teritware. Mkituma kwa simu, tumeni baada ya saa nne asubuhi, wenye vibanda vya kuchajisha wanapokuwa wamewasha jenereta, na msitume kwa video.

Wenu watiifu,
watumiaji wa simu, Kasongo na Kabambare